Glicheria, mwonyesha filamu anayesubiri kicheko cha jirani yake

Saa nane mchana, Jumapili. Glicheria Bostan amesimama katika chumba cha projekta, juu ya ukumbi wa utamaduni wa kijiji cha Podgoreni, kaskazini mwa Moldova. Mkono wa kulia unazungusha mpini wa chuma. Kidole cha mkono wa kushoto kinagusa ukingo wa mkanda wa filamu unaopita, kikitafuta mahali palipochanika.

"Mkanda ukishaonyeshwa, mwisho wake unabaki nje na mwanzo unakuwa ndani," anasema bila kugeuka. "Kwa hiyo kabla ya yote unaurudisha. Usipourudisha, picha zinatoka kinyumenyume, miguu juu. Hilo ni kosa la mwanagenzi. Mimi sijawahi kulifanya."

Ana umri wa miaka sabini na bado anapanda ngazi ile ya chuma bila kushika reli. Alianza kazi hii akiwa msichana, wakati Podgoreni ilikuwa shamba la pamoja na kila jambo, hadi rangi ya milango, lilipangwa mjini. Leo halmashauri inamlipa leu elfu mbili na mia sita kwa mwezi kutunza jengo. Filamu za Jumapili anazionyesha kwa mapenzi yake.

Pembeni kuna makopo saba ya bati. Sita ni mikanda ya *Mwenyekiti na Ng'ombe Watatu*, vichekesho vilivyopendwa kuliko filamu zote zilizowahi kupita kijijini hapa. La saba ni dogo, lina kutu kwenye mfuniko. Hilo hajaligusa.

"Hilo nitalifungua wakati wake ukifika," anasema, na sauti yake inakataa maswali.

Nadejda, anayeuza mbegu za alizeti za kukaanga mlangoni, anachungulia kutoka chini ya ngazi.

"Dada Glicheria, atakuja?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Kijiji kizima kinauliza."

"Basi kijiji kizima kiende kikamuulize mwenyewe."

Anayeulizwa ni Spiridon Cazacu, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, jirani ambaye ua wake umepakana na wa Glicheria. Wanaazimana chumvi, koleo na ngazi. Mtungi wa kwanza wa divai yake kila mwaka huvuka ua kwenda kwa Glicheria. Lakini tangu vuli ya mwaka 1979, Spiridon hajakanyaga ukumbi huu. Na Jumatano ijayo binti yake, aliyeko Padova, anamchukua akaishi naye Italia.

Kwa hiyo ni leo.

Ambaye hakuishi enzi zile anaweza kushangaa kwamba serikali ya kikomunisti iliyoogopa hata maandishi ya ukutani iliruhusu filamu za kuchekesha. Iliziruhusu, tena kwa wingi. Ila kicheko nacho kilikuwa na mpango wake. Mlevi alichekwa. Mvivu alichekwa. Mwenyekiti mdogo wa shamba la mbali naye alichekwa, alimradi mwishoni atokee mkubwa mwenye busara wa kumnyoosha. Juu ya hapo hakuchekwa mtu.

Watu waliujua mpaka huo vizuri, na waliishi karibu nao kabisa. "Tulikuwa tunamcheka mwenyekiti wa kwenye filamu, lakini macho yetu yako kwa wetu, amekaa safu ya mbele," anasema Glicheria. "Naye anacheka, tena kwa nguvu, asije akaonekana amejitambua."

Tatizo lilikuwa filamu ya habari. Kila vichekesho vilipaswa kutanguliwa na filamu fupi ya habari: mavuno, matrekta, kiongozi amevaa kofia. Watu walichofanya ni kuchelewa. Walisimama nje wakitafuna alizeti hadi wasikie muziki wa vichekesho, ndipo waingie. Mjini wakapata taarifa, likaja agizo: filamu ya habari iwekwe katikati ya vichekesho, kama kidonge kinachofichwa ndani ya tonge la ugali.

Katikati ya mikanda sita ni baada ya wa tatu. Glicheria alitii. Na mkanda wa tatu wa *Mwenyekiti na Ng'ombe Watatu* unaishia pale mwenyekiti, aliyedanganya kwamba ana kundi kubwa, anapoazima ng'ombe watatu wa majirani na kuwazungusha nyuma ya zizi, wapite mbele ya mkaguzi tena na tena hadi mkaguzi achoke kuhesabu.

Ukumbi ulikuwa bado unajifuta machozi. Glicheria akabadilisha mkanda, akawasha. Kwenye pazia akatokea kiongozi wa mjini, wa kweli huyu, anapongeza mashamba yake kwa wingi wa mifugo. Nyuma yake ng'ombe wanapita.

Ndipo Spiridon, dereva wa lori, kijana mwenye kicheko kilichokuwa kinasikika hadi kisimani, akasema kwa sauti, "Jamani, si ni wale wale hao." Akaangua kicheko.

"Ukumbi ulianguka," anakumbuka Nadejda, aliyekuwa amekaa nyuma yake. "Mama yangu aliteleza kutoka kwenye kiti. Mwenyekiti wetu naye kilimtoka, akajifanya anakohoa."

Mgeni mmoja kutoka mjini, aliyekaa karibu na mlango, hakucheka. Filamu ya habari ilipofika mwisho tu, alikuwa ameshapanda ngazi ya chuma.

"Nani amekuagiza uiweke hapo?" alimuuliza Glicheria.

"Ninyi, ndugu," alimjibu.

Anaisimulia sehemu hii bila majivuno. Kilichomwokoa ni agizo lao wenyewe. Wangemwadhibu vipi mtu kwa kutii? Lakini mtu alipaswa kuadhibiwa, na kicheko kile kilikuwa na mwenyewe, kinajulikana kama honi ya lori lake. Onyesho likasimamishwa palepale. Spiridon akanyang'anywa lori, akapelekwa kwenye mabanda ya nguruwe, na huko alikaa hadi nchi yenyewe ilipobadilika jina.

"Mimi agizo lilinilinda. Yeye hakuwa na kitu cha kumlinda," anasema Glicheria.

Hakufungwa wala hakupigwa, na wapo waliomwambia ashukuru. Lakini alirudi nyumbani ameacha kucheka. Kwenye harusi hutabasamu midomo ikiwa imefungwa. Mjukuu wake alipozaliwa alilia, kucheka hakucheka. Glicheria, ambaye chumba chake cha kulala kinatazamana na ua wa jirani, anasema amekisubiri kicheko kile muda mrefu kiasi kwamba siku nyingine hudhani amekisikia.

Asubuhi ya leo, gazeti hili lilimsindikiza hadi uani kwa Spiridon. Mzee alikuwa anafunga sanduku kwa kamba ya kufungia mizabibu.

"Kaka Spiridon, leo naonyesha ng'ombe watatu."

"Najua. Nadejda ametangaza hadi kwa kuku."

"Kiti chako kipo."

"Kile kilichofungwa waya? Kiuzeni chuma chakavu."

"Njoo ukiage basi."

Spiridon alivuta kamba, akatafuta mahali pa kuikata. "Glicheria, nilicheka mara moja humo ndani, nikalisha nguruwe miaka kumi na mbili. Nguruwe wenyewe hawajui utani."

"Hakuna wa kukupandia ngazi siku hizi."

"Najua hakuna. Mimi ndiye sijui kama kicheko bado kipo." Aligusa kifua, si kwa kulalamika, kama mtu anayetafuta miwani mfukoni. Kisha akatuuliza kama tumekula, akatuletea ugali wa njano na jibini la kondoo, na habari za filamu hakuzitaja tena.

Saa kumi ukumbi umejaa zaidi ya nusu, jambo ambalo kwa kijiji ambacho vijana wake wako Italia, Ufaransa na Ireland si dogo. Kiti chenye waya, safu ya nne, kiko wazi. Glicheria anachungulia kupitia kidirisha cha projekta, anatazama mlango, anatazama saa.

Anazima taa.

Mkanda wa kwanza unaisha. Wa pili unaisha. Ukumbi una projekta moja tu, kwa hiyo kila mkanda ukiisha taa huwashwa, watu hujinyoosha, na wazee humzomea aliye juu kwa matusi ya zamani yanayompata kila mwonyesha filamu anayechelewa: "Fundi viatu!" Glicheria anatabasamu. Kisha anachungulia tena mlango.

Mkanda wa tatu ukiwa katikati, mlango unafunguka kidogo. Mtu mrefu aliyeinama anaingia na kofia mkononi, anapapasa migongo ya viti gizani hadi safu ya nne. Hakuna anayegeuka. Ni adabu, na pia ni woga wa kumfukuza.

Juu, Glicheria ameziba mdomo kwa kiganja. "Amekuja," ananong'ona, na machozi yanamtoka bila aibu yoyote. "Mungu wangu, amekuja na koti la kusafiria."

Ng'ombe watatu wanazunguka zizi. Ukumbi unacheka. Safu ya nne hakuna sauti.

Taa zinawaka. Glicheria anafungua kopo la saba. Mfuniko umeng'ang'ania, anaupiga kwa bisibisi, anatoa mkanda, anaupitisha kwenye magurudumu ya projekta haraka, macho yakiwa nusu kwenye kazi na nusu kwenye kidirisha. Anazima taa, anawasha.

Kwenye pazia, kiongozi mwenye kofia ananing'inia kichwa chini. Mdomo wake unameza maneno badala ya kuyatoa, kwa lugha ambayo binadamu hajaisema. Nyuma yake ng'ombe wanapita miguu juu, wakitembea kinyumenyume.

Glicheria anakodoa macho. Kisha anaelewa. Mkanda huu haukurudishwa. Siku ile ya 1979 mgeni alipanda ngazi kabla hajashika mpini, na tangu hapo hakuna aliyefungua kopo. Kosa la mwanagenzi, baada ya miaka yote hii, na mbele ya mtu yule.

Mkono wake unakwenda kwenye swichi. Vichwa vyote vimeelekea safu ya nne.

Kutoka pale, sauti nzito inasema taratibu, "Aa. Sasa wanarudishwa kwa wenyewe."

Kinachofuata kinaanza kama kikohozi, kama lori la zamani linalokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Linakataa, linakataa tena, kisha linawaka. Spiridon Cazacu anacheka. Anacheka kichwa kikiwa nyuma na mdomo wazi, anapiga kiti cha mbele kwa kofia, na ukumbi mzima unaangukia kicheko hicho, Nadejda amekaa sakafuni katikati ya maganda ya alizeti na hawezi kuinuka. Glicheria ameondoa mkono kwenye swichi. Anauacha mkanda uende hadi mwisho, ambao ni mwanzo.

Taa zinapowaka, mzee anageukia kidirisha cha juu, anafuta macho kwa kofia.

"Fundi viatu!" anamwita. "Hebu niambie, mwishoni waliwarudisha kweli? Sijawahi kujua."

"Funga mdomo, Kaka Spiridon, ukae uone," anajibu Glicheria, akiufuata mkanda wa nne.

Alikaa, akaona. Filamu ilipokwisha alitoka na wengine, akibishana na Nadejda kwamba ng'ombe wa tatu alikuwa dume. Sauti yake ilisikika hadi wamepita kisima.

Glicheria amebaki juu akipanga makopo. Anairudisha mikanda sita, mmoja mmoja, kidole kwenye ukingo kama kawaida. Anaufikia ule mdogo. Huu hauhitaji kurudishwa: kwa kuonyeshwa kinyume umejipanga wenyewe, na sasa mwanzo uko nje, mahali pake. Angeweza kuutia koponi ukiwa sawa, kama sheria ya kazi inavyotaka.

Anautazama kidogo. Kisha anauweka kwenye mpini na kuanza kuzungusha, mwisho urudi nje.

"Aurica, binti yake, ameniahidi kwamba atamleta wakati wa mavuno ya zabibu," anasema. "Akija, nataka awakute ng'ombe miguu juu."