Asubuhi Udaktari Ulipomtoka

Muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji hupanga vyombo kwa mkono wa kushoto, huku mdomo ukiwagawia madaktari vijana njia za maisha yao. "Wewe mwanangu, mikono inatetemeka lakini ulimi asali. Kawe daktari wa familia kule mashambani Mildura, watakupa na nyumba." Wanacheka, kisha wengi wanakwenda kweli alikowatuma. Sauti yake haipandi hata damu ikiruka. Kinachopanda ni unyusi mmoja, na aliyeshika kisu hujirekebisha. Thao Lieu, aliyeanguka mtihani wa mwisho wa upasuaji na kurudi kuufanya tena, aliuogopa unyusi ule kuliko watahini wenyewe.

Cheo cha mtu, muuguzi huyu hakizidishi wala hakipunguzi. Hapa Melbourne mpasuaji akishafuzu huvua jina la Daktari akaitwa Bwana au Bi, na wapo waliojaribu kujiita hivyo kabla ya kufuzu. "Bado, Daktari," huwajibu, akiendelea kuhesabu sindano.

Jumatatu baada ya matokeo, Thao aliingia akiwa amenawa hadi viwikoni, hajamwambia mtu matokeo yake. Muuguzi alimpanulia glavu kama kila siku.

"Saizi sita na nusu, au vidole navyo vimevimba kichwa?"

"Sita na nusu."

"Haya, ingiza mkono, Bi Lieu. Na keki ya chai leo ni juu yako. Ya dukani sili."

Thao alikuwa Daktari kwa miaka tisa. Hakuwahi kupoteza kitu akatoka na faida kama ile.