Ganda Moja Lililojazwa Mara Mbili

Orville Rethmel hakuwahi kuiamini bastola iliyotoka dukani. Akiletewa mpya, aliisogeza karibu na sikio na kuitikisa polepole, kama mtu anayechagua nazi sokoni.

"Inacheza," alisema. "Hii si bastola, ni njuga."

Kisha aliifungua yote mezani, na mwenye bastola hakuiona tena kwa miezi.

Karakana yake ilikuwa ghala la zamani la mahindi nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Oak Harbor, Ohio. Mimi nilikaa ng'ambo ya barabara. Kila nikitoka asubuhi nilimkuta ameshafungua mlango, tupa mkononi, miwani mbili puani, moja juu ya nyingine. Alikuwa amestaafu kiwanda cha vioo huko Toledo, mkewe Arlene alikuwa ameshafariki, na kilichobaki cha kumtoa kitandani ni bastola za watu wa mashindano ya shabaha.

"Hakuna siri," alituambia sisi wa klabu ya shabaha. "Mtutu ukiruka, urudi palepale ulipotoka. Kama mume mwema."

Kuufanya urudi palepale ndiyo ilikuwa kazi. Alipaka chuma masizi ya mshumaa, akaufunga mtutu mahali pake, akaufungua, akatazama masizi yamefutika wapi. Pale yalipofutika alipitisha tupa mara moja tu, akapaka tena, akaanza upya. Siku nzima ingeweza kuishia hapo. Mwisho wake aliibana bastola kwenye jiriwa nzito iliyofungwa kwenye nguzo ya zege, akapiga shabaha iliyo mwisho wa shamba, na matundu kumi yakakaa pamoja hivi kwamba ungeyafunika kwa kizibo cha chupa ya soda.

Risasi nazo alijaza mwenyewe. Ganda la shaba, fataki chini yake, baruti ndani, kichwa cha risasi juu. Kila kichwa alikigeuza chini ya taa akitazama kitako chake. "Pua ikichubuka si neno," alisema. "Tako likichubuka, hicho kinakwenda kuzurura." Baruti aliipima kidogo kidogo, kwa sababu risasi ya shabaha haihitaji nguvu, inahitaji utulivu, na kila moja ifanane na mwenzake.

Katika michezo hii kila mtu hujaza risasi zake. Ukijaza za mwingine, umeubeba mkono wake na macho yake. Orville alilijua hilo kuliko sisi sote, lakini kwa Ilona Gyurko aliivunja kanuni hiyo.

Ilona alikuwa mpeleka barua wa mashariki ya Toledo, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyebeba mikoba maisha yake yote. Alikuja kwa Orville na bastola kuukuu ya marehemu baba yake, wakatukanana kuhusu bastola hiyo siku ya kwanza, na tangu hapo wakawa kama baba na binti. Yeye alimwita "Mzee". Orville alimwita "Tarishi". Kazi ya posta haikumwachia Ilona nafasi, basi risasi zake za mashindano makubwa alijaza Orville.

Mwaka ninaousimulia, Ilona alikuwa amepanda sana katika mashindano. Tulipofika Camp Perry mwezi wa Julai, pale kwenye mashindano ya taifa kando ya Ziwa Erie, watu walikuwa wanamtaja. Mimi ndiye niliyemwendesha Orville. Alikuwa ameacha kuendesha gari barabara kuu, akisema ni macho. Mimi niliamini ni macho.

Asubuhi ilikuwa zamu ya kupiga taratibu, shabaha ya mbali. Upepo ulitoka ziwani kwa vipande vipande, bendera zikiinuka na kulala. Ilona alipiga kumi zake bila haraka, na karatasi yake iliporudi, karibu zote zilikuwa ndani ya weusi wa katikati. Aliongoza daraja lake. Nyuma yake kwa pointi mbili alikuwa Dwight Haverfield, mkufunzi mstaafu wa polisi, mtu wa maneno mengi.

"Tarishi," Dwight alimwambia, "leo umeleta barua zote kwenye anwani sahihi. Subiri kupiga kwa haraka, tuone kama hutazitupa mtaroni."

"Nitakuletea yako mlangoni," Ilona alijibu. "Ni ya rambirambi."

Wakati wa mapumziko nilikaa na Orville kwenye banda la chakula, tukila mkate wa samaki wa ziwani. Dwight akaja na sahani yake, akaketi bila kukaribishwa.

"Na kaka yako Merle? Nilisikia alianguka."

"Yuko hospitali Fremont," Orville alisema. "Nyonga. Mkewe alinipigia simu Jumanne. Nilikuwa mezani najaza za Ilona, nikaacha, nika..."

Aliutazama mkate mkononi kama mtu aliyepewa kitu asichokijua.

"Nini?" nilimuuliza.

"Nilikuwa namimina baruti. Simu ikalia." Aliongea polepole, akijitafuta. "Nilikwenda kupokea. Nikarudi. Halafu nikaanza kuweka vichwa."

"Ulimulika ndani kwanza, si ndiyo?" Dwight aliuliza. Sauti ya utani ilikuwa imemtoka. Sote tulijua desturi ya Orville: maganda yote yakisimama kwenye kibao chake, anayamulika kwa tochi safu kwa safu, kuona baruti imelingana, kabla hajaziba hata moja. Na akikatizwa katikati, anamwaga yote na kuanza upya. Alitukaripia miaka mingi juu ya hilo.

"Sikumbuki," Orville alisema.

"Kumbuka vizuri, Mzee," Dwight alisema.

"Nimekwambia sikumbuki!"

Ganda lililokosa baruti huacha kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata hukikuta njiani. Ganda lililomiminiwa mara mbili hupasuka mkononi. Unapopiga tano kwa sekunde kumi, huna nafasi ya kusikia kwamba mlio mmoja ulikuwa dhaifu.

Kutoka uwanjani kipaza sauti kikawaita wapigaji kwenye mstari. Dwight alikuwa kundi la baadaye. Ilona alikuwa kundi hili.

Orville aliinuka na kuangusha kiti. Sikuwahi kumwona akikimbia, na siku ile hakukimbia vizuri. Alikwenda kwa upande, mkono mmoja gotini, akiwasukuma watu waliobeba masanduku yao. Nilimpita, lakini nyuma ya kamba palikuwa na msongamano, na Ilona alikuwa mbali, kofia imeshuka, vizuia sauti masikioni. Nilimwita jina. Ilikuwa kama kuuita ukuta. Msimamizi wa mstari akasema: "Pakieni." Nikaona mkono wake ukisukuma risasi ndani ya mpini.

"Simamisha!" Ilikuwa sauti ya Orville, nyuma yangu, imepasuka. "Simamisha mstari! Simamisha!"

Pale, neno hilo halina mwenyewe. Akilisema yeyote, kila mtu anaacha. Msimamizi alilirudia kwenye kipaza sauti, na mstari mzima wa wapigaji ukashusha bastola, ukatoa risasi, ukaweka chuma mezani. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia kamba za bendera zikigonga milingoti. Halafu manung'uniko yakaanza. Watu walikuwa wameshavuta pumzi zao za kwanza, wameshatulia, na mzee mmoja amewavuruga.

Msimamizi alimruhusu apite kamba. Ilona alivua vizuia sauti, uso umewaka.

"Mzee, una wazimu?"

"Usipige risasi zangu."

"Nimepiga kumi asubuhi. Umeiona karatasi?"

"Nimeiona. Usipige zilizobaki."

"Kwa nini? Zina nini?"

Nilidhani Orville atazungumzia simu, au kaka yake. "Sijui zina nini," alisema. "Nilikatizwa. Sikumbuki kama nilizimulika. Sikumbuki, Ilona."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake mbele za watu. Nadhani hilo ndilo lililomfikia. Hasira ilibaki usoni mwake, lakini nyuma yake kikaja kitu kingine. Alikitazama kisanduku cha risasi juu ya meza, akakifunga, akakisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Sina nyingine," alisema. "Nimekwisha."

Msimamizi akatazama saa. Alikuwa mtu wa haki, lakini mstari ulikuwa umejaa, na mvua ilikuwa inaonekana upande wa Kanada. "Dakika chache tu," alisema.

Dwight Haverfield alikuwa amefika kwenye kamba, anahema, na boksi la risasi za kiwandani mkononi, zile anazoweka akiba. Alilirusha juu ya kamba, nikalidaka.

"Mpe," alisema. "Sitaki kumshinda mtu asiye na vidole. Hakuna raha."

Shida ni kwamba bastola ile ilikuwa imetengenezwa kwa risasi laini za Orville. Springi zake, kitazamio chake cha kulengea, kila kitu kilikuwa kimezoea msukumo mdogo. Za kiwandani zina nguvu zaidi; zingepiga teke na kutupa juu. Orville aliitazama bastola kwa muda, midomo ikichezacheza.

"Shusha kitazamio. Klik nne," alisema. "Na ushike kwa nguvu, itakurukia."

"Una hakika ni nne?"

"Hapana."

Ilona akaigeuza skrubu ya kitazamio, ikalia klik mara nne.

Mstari ukaitwa tena. Orville alisimama nyuma ya kamba, amenishika mkono juu kidogo ya kiwiko, na sidhani alijua amenishika. Shabaha zikageuka kuwaelekea wapigaji. Tano za kwanza zilitoka kwa mlio mzito wa kigeni, na kila mlio nilihisi vidole vyake vikinibana. Bastola iliruka, Ilona akairudisha, ikaruka. Kwenye darubini tuliyaona matundu: yote juu, mawili nje kabisa ya weusi.

"Nilisema nne," Orville alinong'ona. "Ilitaka sita."

Ilona hakugeuka kutuuliza. Alikigusa kitazamio mwenyewe, mara moja, mara mbili. Tano zilizofuata ziliingia. Zilizofuata ziliingia vizuri zaidi. Lakini pointi zilizopotea zilikuwa zimepotea, na mvua iliponyesha na kila kitu kuhesabiwa, alikuwa wa nne. Dwight alishinda daraja lao. Alipopokea ngao yake ya ushindi hakusema neno la utani hata moja, na kwa Dwight hiyo ilikuwa kama kulia.

Ilona alituaga kwa kupunga mkono tu. Njia nzima ya kurudi nilijiambia pengine risasi zile zilikuwa nzuri zote, pengine alizimulika kama kawaida yake na kusahau tu, na mzee amemnyang'anya binti ngao kwa hofu ya bure. Najua naye aliwaza hivyo, kwa sababu tulipofika alisema, mkono kwenye kitasa cha gari: "Afadhali nikute nimekosea," kisha akajirudi, "Hapana. Sijui lipi ni afadhali."

Jumapili, baada ya kanisa, Ilona alikuja na kile kisanduku. Sikualikwa, niliiona gari yake nikavuka barabara. Orville alikuwa amekwishatandika karatasi nyeupe mezani. Anayo nyundo yenye tumbo wazi: unaweka risasi ndani, unagonga, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika bila madhara. Alimpa Ilona.

"Gonga wewe."

Ilona aligonga. Kichwa, na kilima kidogo cha baruti. Akagonga nyingine. Kilima kilekile. Vilima vilijipanga kwenye karatasi, vyote sawa kama watoto wa shule, na kila kimoja kilimfanya Orville aonekane mzee zaidi. Nusu ya kisanduku ilikwisha. Ilona alianza kumtazama kwa macho ya kumhurumia, na nilijua Orville angependelea atukanwe.

"Basi, Mzee," alisema. "Zilikuwa nzuri."

"Endelea."

Aligonga. Aligonga. Halafu alimwaga moja, na baruti haikuacha kutoka pale ilipopaswa kuacha. Ilitoka, ikatoka, ikatandaa kwenye karatasi hadi ikagusa kilima cha jirani.

Ilona aliliweka ganda chini kwa uangalifu mkubwa, kama yai. Kisha aliutazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nilirudia," Orville alisema. "Niliporudi kutoka kwenye simu, nilianza kwa ganda nililokuwa nimeshalijaza." Alivua miwani zote mbili. "Na si mara ya kwanza kusahau, Ilona. Ni mara ya kwanza kusema."

Alichukua spana akaanza kuilegeza mashine yake ya kujazia risasi kutoka kwenye meza. Boliti zilikuwa na kutu, zikalia. Ilona alimwacha afungue ya kwanza. Alipofika ya pili, aliinuka akamnyang'anya spana.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwenye gari yako."

"Nyumba yangu ina vyumba viwili na paka. Iache hapa. Nitakuja Jumamosi nikitoka kazini, nitajaza mwenyewe, na wewe utakaa pale," alionyesha kiti cha Arlene karibu na dirisha, "na usiguse baruti."

"Na nikae nifanye nini?"

"Unitukane. Si ndiyo kazi yako?"

Aliikaza boliti tena yeye mwenyewe.

Basi ikawa hivyo. Orville aliendelea na mitutu. Kwa kutengeneza mtutu, ukisahau ulipofika, masizi yatakukumbusha. Baruti hakuigusa tena, hata ya kwake. Simu aliihamishia nyumbani, na karakana ikabaki bila kengele. Mwezi wa Oktoba aliibana bastola ya Ilona kwenye jiriwa na kupiga risasi kumi za kwanza alizojaza Ilona mwenyewe. Nilikwenda kuileta karatasi kutoka mwisho wa shamba. Niliibeba kwa adabu, maana matundu yalikuwa kundi zuri, lililobanana, si la kizibo cha soda lakini si mbali.

Orville aliiinua kwenye mwanga, akaisogeza, akaitazama kwa miwani moja, kisha kwa mbili.

"Hili ni nini?" alisema. "Shimo la panya?"

"Leta karatasi yangu hapa," Ilona alisema.

"Subiri, bado naangalia." Na hakuirudisha mpaka chai ilipopoa.