Jina la Kaka Ukutani

Shule niliiacha darasa la nne, lakini mdomo sikunyimwa. Mjukuu wangu alipomaliza chuo cha kompyuta, mtaa wetu mzima wa Mfaranyaki ulijua. Muuza mkaa alijua, padre alijua. Kwa hiyo ilipokaribia sherehe ya kumuaga binti yangu wa mwisho kabla ya ndoa, nilisimama mbele ya kamati nikasema mshereheshaji hatashika karatasi. Mjukuu wangu ameandika programu. Picha ya kila ndugu itatokea ukutani na jina lake, kisha ataitwa mbele kusalimia wakwe.

Mama mmoja akauliza, "Na mpangilio je, mama? Ukoo una wakubwa wake."

"Nimeuona kwa macho yangu," nikamjibu. "Wewe shughulika na pilau."

Kweli niliuona. Kila jioni mjukuu alikuwa akifunua kompyuta mezani, anabonyeza, wa kwanza anatoka kaka yangu wa Madaba. Kesho yake anabonyeza tena, kaka. Jirani akija kushangaa, kaka. Mume wangu alishafariki, hivyo kaka ndiye wa kumkabidhi binti. Nikampigia simu: "Wewe ni wa kwanza. Muziki ukianza inuka, usingoje kubembelezwa."

Akaja na koti lake zito la baridi ya Madaba. Muziki ukaanza, akainuka, akatembea mpaka katikati ya ukumbi. Ukutani ikatokea picha ya mtoto wa mdogo wangu, yule wa chekechea. Kisha shemeji. Kisha binamu ambaye hata mimi simjui vizuri. Kaka amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyebisha hodi na wenye nyumba wakanyamaza.

Upande wa wakwe mtu akasema, wala hakunong'ona, "Yule mzee ni mlinzi wa ukumbi?" Meza nzima ikacheka. Kaka akarudi kukaa. Picha yake ilipotokea, wengi walikuwa wameshaitwa. Alimkabidhi binti kwa maneno machache sana, na mimi nilijua alikuwa ameandaa mengi.

Nyuma ya ukumbi nilimvamia mjukuu mbele ya wapishi. Nikamwita mjinga. Nikamuuliza ni nani aliyemtuma amdhalilishe kaka yangu. Akaiweka kompyuta juu ya gunia la mchele, huku machozi yanamtoka. Akaifunga programu, akaifungua: wa kwanza shemeji. Akafunga, akafungua: wa kwanza binamu.

"Bibi, majina niliyatia kwenye kitu kama kikapu. Kinajua nani yumo. Hakijui nani atangulie."

"Mbona nyumbani alitangulia kila siku?"

"Nyumbani nilikuwa nafunika kompyuta tu, programu inabaki wazi. Kikapu hakikutikiswa. Leo nimeifungua upya, kikatikisika. Hata mimi niliona inatoka vizuri, nikadhani nimeipanga."

Nimeuza viazi na kuvimwaga kutoka vikapuni maisha yangu yote. Najua kiazi kinachotoka kwanza si lazima kiwe kile nilichotia kwanza. Ningeuliza swali moja tu tungeokoka, lakini anayejisifu haulizi.

Mjukuu nilimwomba radhi palepale, wapishi walewale wakisikia. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa Madaba. Kaka alinipokea vizuri, akanimiminia ulanzi, pombe yetu ya mianzi, akaniacha nieleze habari za kikapu na kutikisika mpaka nikaishiwa.

"Mdogo wangu," akasema, "mashine haina kaka. Wewe ndiye uliyeniambia niinuke."

Nilikunywa ulanzi wake nikitazama chini.

Kwa ajili ya harusi mjukuu alimpa kila ndugu namba ya nafasi yake, na programu ikaambiwa ifuate namba, si kikapu. Tuliifunga tukaifungua, kompyuta tukaizima tukaiwasha, mpaka binti akatuuliza kama tumerukwa na akili. Kila mara namba zilikaa pale pale.

Siku ikafika. Muziki ukaanza, kaka akatokea wa kwanza, mkubwa ukutani na koti lake. Mshereheshaji akamwita.

Hakuinuka. Alikuwa anautazama ukuta, anangoja kuona nani atafuata. Akaitwa tena. Watu wakaanza kugeuka. Nikavua viatu vyangu vya kubana, nikapita katikati ya ukumbi peku, nikasimama mbele ya kiti chake mkono nimeunyoosha, wakwe wote wananitazama, mpaka alipoushika.