Marehemu Aliyeitwa Mara Tatu

Usinibinulie mdomo, msomaji. Nilikuwepo, na masikio yangu bado mazima.

Ilikuwa mahakamani, huku Temeke. Wakili mpya, binti aliyezoea kutetea wajane kwa kipaza sauti mikutanoni, alikuwa na kesi yake ya kwanza. Mjane anatolewa nyumbani na shemeji yake, anayedai marehemu alimwuzia nyumba kabla hajafa.

Karani akachanganya majina. Akasimama mlangoni, akamwita huyo marehemu mara tatu. Ya tatu, huko nje kukaitikwa, “Naam!”

Karani akarudi ndani mbio. “Nje hakuna mtu!”

“Mume wangu huyo,” mjane akasema, akikaza kanga yake.

Binti akasimama. “Mheshimiwa, muuzaji ameitika. Naomba aingie, tumuulize kama aliuza.”

“Asiingie!” shemeji akapiga kelele. “Hakuuza! Ile karatasi niliiandika mwenyewe!”

Mie niliishia la saba, lakini shahidi wa hivyo sidhani kama chuoni wanamfundisha.

Hakimu akaamuru mlango ufungwe. Hakunyanyuka mtu, hata askari. Basi nikainuka mie, nikatoka, nikaufunga nikiwa huko huko nje, upande wa marehemu.