Sanduku la Umra

Mabegi yenu nimeyaona pale mlangoni nilipokuwa naingia. Moja limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu imekufa, na kuna mtu amekuja na ndoo mpya, bado ina karatasi ya dukani. Wakubwa wa hapa wameniomba nizungumze nanyi kabla hamjapelekwa vyumbani. Naitwa Sauda. Nilikuwa mgonjwa katika kituo hiki hiki, kitanda cha pili kutoka dirishani. Nitawaeleza nilivyofika, pamoja na uongo wangu wote. Mkiona nasema kama mwalimu, nivumilieni, ndiyo kazi yangu.

Nasomesha Kurani wasichana wadogo kule Old Kampala, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba aliyotuachia babu. Leo nina wasichana kumi na tisa. Walikuwa arobaini, na mtaelewa kwa nini wamepungua. Mimi ni mjane, sikujaaliwa mtoto. Mdogo wangu Twaha ana duka la vitambaa upande wa mbele wa nyumba hiyo hiyo. Zamani nilikuwa mtu wa kelele. Nilicheka sana na kulia upesi, hata msichana akimaliza juzuu moja tu, mimi natafuta leso.

Siku moja ya mvua bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye mteremko, na mguu wangu wa kulia ukabaki chini ya injini. Mfupa wa muundi ulitoka nje. Niliuona, mweupe, kabla sijausikia uchungu wake. Nilipasuliwa, nikawekewa chuma, nikapewa vidonge vya maumivu vya siku kumi. Vidonge vile vilifanya kazi yake, sina ugomvi navyo. Mguu ulinyamaza. Ila vilininyamazisha na mimi mwenyewe, nami nikapenda.

Siku kumi zilipokwisha nikatafuta duka la dawa lenye dirisha ambapo hawakuulizi karatasi ya daktari. Mguu ukapona, magongo nikayatupa, vidonge vikabaki. Choo kikubwa nilikipata mara moja kwa wiki, tena kwa machozi. Ngozi iliniwasha mpaka nikajikuna damu. Nikichelewa kumeza, pua inatiririka, miayo haiishi, mgongo unatetemeka. Nikimeza, kimya.

Kimya hicho kiliingia hata mahali pasipotakiwa. Shangazi yangu aliyenilea alipofariki, mimi ndiye niliyemwosha. Nilimmwagia maji mtu aliyenifundisha kutembea, na sikusikia kitu. Nilikuwa nawaza kama sabuni itatosha. Wanawake wakanong'onezana, "Mashallah, Ustadha ana subira." Subira gani? Nilikuwa nimemeza vinne kabla ya kuingia mle chumbani.

Halafu asubuhi moja nikaanguka darasani. Nakumbuka herufi niliyokuwa naiandika ubaoni, nusu yake. Wasichana wanasema nilitoa povu, macho yakageuka, nikajikojolea juu ya mkeka wao. Nilizinduka hospitali ya Mulago, ulimi umepasuka, Twaha amesimama ameshika viatu vyangu. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Akaniuliza, "Mama, unameza nini?" Nikasema Panadol. Akaomba ruhusa, akafungua mkoba wangu, akamwaga vidonge juu ya shuka.

"Hiki si kifafa," akasema. "Ni hivi hapa. Na usijaribu kuviacha peke yako nyumbani, utaumia. Kuna vituo."

Twaha hakunigombeza. Kilichomtia hofu ni watu. Mwalimu wa Kurani mraibu! Nani atamleta mtoto wake? Alizunguka sebuleni mpaka akapata wazo.

"Tuseme unakwenda Umra."

"Umra ya wiki sita?"

"Utabaki Jidda kwa jamaa."

"Na maharimu wangu ni nani?"

Kwetu mjane haendi Umra bila mwanamume wake wa karibu, na mtaa mzima ungeuliza. Twaha akajikuna ndevu. "Basi, Dada, na mimi nakwenda," akasema. Ndivyo mdogo wangu, mfanyabiashara mzima, alivyolazimika kufunga duka na kupotea wiki mbili. Alijificha kwa rafiki yake mtaa wa Bukoto, hatoki hata kununua maziwa.

Kituo kilinipa orodha ya vitu kama ya mtoto anayekwenda bodingi: nguo pana, kandambili, taulo mbili, blanketi, beseni. Manukato hayaruhusiwi, maji ya kusukutulia yenye spiriti hayaruhusiwi, dawa yoyote hairuhusiwi. Nikaliweka sanduku wazi sebuleni. Majirani walikuja kuniaga, wakachungulia, na hakuna aliyeshangaa, maana anayekwenda kuhirimia naye hajipaki marashi. Bi Hadija wa ng'ambo ya barabara alininunulia yeye mwenyewe sabuni isiyo na harufu. Beseni la bluu tu ndilo lililomshinda.

"Makka hakuna mabeseni?" akauliza.

"Hoteli zenyewe si unajua zilivyo," Twaha akasema, huku anatazama dari.

Kila mmoja alileta jina la kuombewa, nami nikaandika kwenye karatasi. Huyu mgongo, huyu kizazi, huyu mume aliye safarini. Walinikumbatia, wakalia. Nilihisi mtandio wangu unalowa begani, basi. Ningekuwa nimekumbatiwa na kabati ingekuwa sawa tu.

Bi Hadija alisubiri wenzake watoke, akafunga mlango.

"Mwanangu, mtaje Rukia wangu," akasema. Rukia si jina lake la kweli. Mwenyewe ameniruhusu nisimulie, jina nimelibadilisha.

"Ana nini?"

"Mungu anajua ana nini. Analala mchana kutwa. Nyumbani vitu vinapotea. Wewe mtaje tu, ukiwa mbele ya Kaaba."

Nilijua ana nini. Rukia ni mwanamke mzima, fundi cherehani, na nilikuwa nimekutana naye mara nyingi kwenye dirisha lile lile la duka la dawa. Tulikuwa tunapishana, kila mmoja anaangalia pembeni. Ningeweza kumwambia mama yake pale pale kwamba kuna mahali pa kutibiwa, mimi mwenyewe nakwenda huko, na Rukia aje. Sanduku lilikuwa katikati yetu, wazi. Nikaandika jina la Rukia mwisho wa karatasi, nikasema inshallah.

Kisha nikafanya jambo ninaloliona aibu kuliko yote. Msahafu wangu mdogo una mkoba wa ngozi wenye zipu, na ndani yake kuna kimfuko. Nilitia mle karatasi ya majina. Nyuma ya karatasi nikatia vidonge. Nilijua hakuna atakayepekua.

Na kweli. Sista Nakato, mnamwona amekaa pale, alipekua hata pindo za magauni yangu. Alipofika kwenye msahafu akarudisha mkono.

"Nyabo, mimi siwezi gusa hii kitabu yenu. Wewe mwenyewe fungua, mimi naona."

Nikafungua, nikautoa msahafu, nikamwonyesha, nikaurudisha.

"Kale, sawa, asante," akasema.

Nilimdanganya mtu kwa kutumia heshima yake mwenyewe, na hata hapo sikusikia kitu.

Daktari wa hapa alinipunguzia dawa kwa utaratibu, lakini mwili ulidai wake. Siku ya pili niliharisha mpaka yakawa maji matupu. Nilitapika kwenye beseni la bluu. Miguu ilirusha mateke yenyewe, vinyweleo vimesimama, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa. Siku ya tatu, baada ya alasiri, nikafungua zipu ya mkoba wa msahafu. Nilimeza viwili. Nawaambia kwa sababu wengi wanaosimama hapa huiruka sehemu hiyo. Nikaingiza vidole kutafuta cha tatu, ikatoka karatasi.

Sikuona nuru yoyote. Sikulia. Niliisoma kwa mazoea tu, mimi nikiona maandishi lazima nisome. Mgongo, kizazi, safari. Mwisho kabisa, Rukia. Nikaona jinsi nilivyoliandika vizuri jina lake, herufi zimenyooka kama za ubaoni, na nikakumbuka kwamba wakati naliandika nilikuwa namtazama mama yake machoni na kumficha. Nikawaombea wote, mmoja mmoja, nimekaa kitandani bila udhu, kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio. Halafu nikashika ukuta mpaka kwenye korido, nikampa Sista Nakato vidonge vilivyobaki.

Nilitegemea nitafukuzwa. Yeye alivitazama, akanitazama.

"Bambi, pole," akasema. "Umekula ngapi? Sema kweli, musawo, daktari, lazima ajue."

"Viwili."

"Kale. Kaa chini kwanza, usianguke hapa."

Tangu siku ile niliisoma karatasi kila siku baada ya alasiri. Bado kwa sauti kavu.

Wiki ya tatu Twaha alikuja kunitembelea. Akavua kofia. Kichwa kilikuwa kipara kitupu, kinang'aa.

"Umefanya nini?"

"Nimerudi Umra jana. Ningerudije na nywele?"

Alikuwa amejinyoa mwenyewe kwa wembe, kama wanaume wanavyonyolewa wakimaliza Umra, kule Bukoto, mbele ya kioo kidogo, na nyuma ya sikio amejikata mara mbili. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha kicheko kikageuka kilio, na kilio chenyewe kilikuwa cha shangazi. Nilimlilia shangazi yangu karibu saa nzima, mwaka mmoja baada ya kumzika. Twaha alidhani amenikosea, akataka kuondoka. Nikamshika mkono. "Kaa," nikamwambia. "Nasikia uchungu. Kaa hapo hapo."

Sitawadanganya tena, nimeshadanganya vya kutosha. Ganzi haikwisha siku ile. Kesho yake ilirudi, na mpaka leo kuna asubuhi naamka nikiwa mkavu. Naoga, nakwenda darasani hivyo hivyo, na mara nyingi ikifika adhuhuri imepungua. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari aliyeniomba ruhusa kufungua mkoba, na Sista Nakato, na mdogo wangu na kipara chake. Nanyi mliokuja leo, msiache dawa kwa ubabe nyumbani, mlichofanya cha kuja hapa ndicho sahihi. Na kama kuna kitu mmekificha kwenye pindo, kwenye soli au ndani ya Biblia, Sista atakuwa kwenye korido mpaka magharibi. Hatawafokea.

Nimalizie na siku niliyorudi nyumbani.

Sebule ilijaa watu. Walinibusu mikono, wakanitania kwamba bado kidogo wataniita Hajjati. Twaha alikuwa anapitisha sinia la tende. Bi Hadija alisubiri kama kawaida yake mpaka wengine wakatoka.

"Ulimtaja?" akauliza.

"Nilimtaja kila siku."

"Mbele ya Kaaba?"

Twaha alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake. Alinitikisia kichwa, usiseme. Na mimi nilijua nikisema, wasichana wataanza kuondolewa darasani kabla ya Ijumaa. Safari hii niliogopa kweli kweli.

"Hapana, Mama," nikasema. "Sikufika Makka. Nilimtaja nikiwa kwenye kitanda cha kituo cha waraibu."

Nikamwambia yote, vidonge, kuanguka darasani, msahafu, na lile dirisha la duka la dawa tulilokuwa tunapishana mimi na binti yake. Twaha aliweka sinia chini.

Nilidhani Bi Hadija atanitemea mate, na angekuwa na haki, alinipa ombi la mwanawe nikaenda nalo kwenye uongo. Alifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akainuka, akalisogelea sanduku langu lililokuwa bado halijafunguliwa, akaliwekea mkono juu.

"Blanketi," akasema. "Wanampa huko huko, au aende na lake?"

"Aende na lake," nikasema. "Na beseni."