Mjomba Aliyeambiwa Akae

Juma hili, kwenye tribunal hapa Baraka, nilimwona mama mshonaji wa Mboko. Jirani alimvunja mkono, kisha akaibamiza chini mashini yake ya kushonea. Jaji akamuuliza: “Mama, unaomba huyu akulipe nini?”

Mama akageuka nyuma kumtafuta mjomba wake. Kwetu aliyeumizwa hajisemei; wakubwa ndio wanamsemea. Mzee akasimama, akakohoa, akanyoosha koti.

“Ikala, papa,” jaji akasema, akimwonyesha kiti. “Hapa sheria inamupa mama kinywa yake mwenyewe. Amende, ile faini, tutapiga, lakini amende iko ya Leta, ya serikali. Ya mama, lazima aiombe.”

Mama akautazama mkono wake wenye bandeji.

“Nataka mashini yangu,” akasema polepole. Halafu sauti ikapanda: “Na dawa ya mukono. Na kazi yote yenye nilikosa!”

“Na nguo za bantu benye alikuwa anashonea, zenye zilipasuka!” mzee akadakia, akiwa bado ameketi. Hata jaji alicheka.

Hukumu bado. Ila nimekaa kwenye mapatano mengi ya jamaa: mkosaji analeta mbuzi, wakubwa wanakula, na mwenye kidonda ndiye anayeosha sahani. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilimsikia akiulizwa anataka nini.

Nje, bamama wakamzunguka mzee: “Mujomba, ulimusemea nini?”

“Mi? Nilinyamaza; alijisemea mwenyewe,” akajibu, akinyoosha tena koti lake kama mtu aliyeshinda kesi.