Siku Shangazi Alipoukana Wimbo Wake Mbele ya Afisa Utamaduni, Songea

Wakuu, hodi humu ndani, na wadogo zangu pia hodi.

Nimesoma nyuzi zenu za hakimiliki, mmoja analia wasanii wanaibiwa, mwingine anataka kila kitu kiwe bure, mpaka nikajikuta naongea peke yangu jikoni. Leo na mimi nimeamua kuandika. Hii si chai, si ya kutunga. Nilikuwepo, nilisimama mlangoni, na nikikumbuka mwili bado unasisimka.

Turudi Songea, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ile enzi ya ruksa, biashara zilipofunguliwa.

Nyie mliozaliwa na simu mkononi hamuwezi kuelewa. Ghafla madukani kuna sabuni za kila rangi, mitumba imejaa sokoni, na kila nyumba iliyovuna mahindi ya maana imenunua redio kaseti. Mtu anarudi shamba, jembe begani, redio mkononi inaimba!

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa Mfaranyaki kwa dada yangu, nauza kwenye kibanda cha shemeji cha kurekodi kanda. Mteja analeta kanda tupu, anataja nyimbo anazotaka, nachomeka kwenye dabo deki, ile redio ya kanda mbili, namrekodia. Basi. Hakuna aliyeuliza nyimbo ni za nani. Hakimiliki kwetu lilikuwa neno la watu wa Dar.

Sasa shangazi yangu.

Tumwite Felista. Mkulima wa Mpitimbi, kiongozi wa kikundi cha kioda, ile ngoma ya akina mama iliyotokea upande wa Ziwa Nyasa. Wakuu, shangazi alikuwa na sauti! Akianzisha yeye, hata mwenye haraka zake anatafuta pa kukaa. Na alijua kwamba anayo, hilo nalo niseme tu. Maringo alijaaliwa.

Akatokea mfanyabiashara kutoka mkoa mwingine. Nitamwita Mzee wa Stika, mtajua kwa nini. Alifika Mpitimbi na mashine nzuri ya kurekodia, sukari, na doti ya kanga kwa kila mama. Akina mama wakaimba kutwa nzima. Mwisho akatoa karatasi, wakasaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Msiwacheke. Akina mama wale, kila karatasi waliyowahi kusaini maishani ilikuwa ya mahudhurio. Semina ya kilimo, unasaini. Kikao cha parokia, unasaini. Umekunywa soda ya mgeni, unasaini. Wakajua ni yale yale.

Kumbe safari hii ni mkataba. Unasema Felista, mtunzi wa nyimbo hizi, amempa bwana huyu haki zote.

Kanda ikatoka, na Songea ikawaka. Hasa wimbo mmoja, wa mwanamke anayevuka mto mtoto mgongoni, mbegu kichwani, anauambia mto usimdai kitu maana hana cha kuacha. Ulipigwa gereji, ulipigwa saluni, ulipigwa kwenye vilabu vya ulanzi. Juu ya kila kasha kuna stika inayong'aa: "Haki zote zimehifadhiwa. Mtunzi: Felista."

Shangazi akija sokoni watu wanaonyeshana, "Ndiye huyo, ndiye huyo!" Na yeye anapunguza mwendo ili wamwone vizuri. Nilikuwa natembea naye nimejaa sifa kama wimbo nimeutunga mimi.

Ikakaribia jubilei ya sista mmoja, mtoto wa Mpitimbi kabisa, aliyeondoka pale binti mdogo. Aliomba kitu kimoja tu, kioda ya mama zake, na ule wimbo wa mto. Akina mama wakafanya mazoezi mpaka sauti zikakauka. Sare zikashonwa.

Mzee wa Stika akasikia. Akapanda Mpitimbi na mtendaji wa kijiji, akawasomea ile karatasi. Ngoma chezeni, ila nyimbo za kwenye kanda ni marufuku. Watu watakuja na redio kaseti zao, watarekodi hapo hapo, na kanda zake atamuuzia nani?

Niseme ukweli, kwa upande wake hesabu ilikuwa sawa. Alisafiri, alilipa studio, alihangaika. Na vibanda kama chetu vilikuwa vinammaliza kila siku. Hakuwa shetani.

Lakini hebu fikiria mama anaambiwa haruhusiwi kumwimbia mwanawe.

Shangazi alishuka mjini juu ya lori la mahindi, amefura. Akanipitia kibandani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Funga hicho kibanda, twende kwa afisa utamaduni. Wewe umesoma."

Nimesoma! Kidato cha nne na divisheni ambayo sitaitaja humu. Nikafunga, tukaenda.

Mzee wa Stika tayari yuko ofisini, suti ya kijivu, karatasi mezani. Afisa alikuwa mama mtaratibu, mgeni mkoani, anasikiliza mpaka mwisho. Akaisoma karatasi, kisha akavua miwani.

"Jamani, sheria iliyopo ni ya zamani, na wanasema nyingine inaandaliwa. Lakini jambo moja halina ubishi. Mali ni ya mtunzi, na mtunzi akishaigawa kwa mkataba, ameigawa. Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na wewe ndiye mtunzi?"

Kabla shangazi hajajibu, Mzee wa Stika akadakia, tena kwa heshima zote.

"Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na mama yangu. Nataka kumpeleka Dar, kwenye studio kubwa. Kanda ya pili itatoka na picha yake mbele. Jina lake litafika kila mkoa. Ninachoomba ni Jumamosi hii tu wasiuimbe."

Wakuu, moyo wangu uliruka. Dar! Picha mbele! Kichwani nilishafika, nimekaa studio, nambebea mkoba. Nikamkazia macho shangazi, namwambia kimoyomoyo, sema ndiyo, sema ni wako, jubilei wataimba wimbo mwingine, sista ataelewa.

Shangazi akaitazama ile karatasi. Mama anayejibu kabla hujamaliza kuuliza, safari hii hana haraka.

Halafu akasema, "Naomba maji."

Akanywa. Akaweka bilauri chini. Na mle ndani ya ofisi ya serikali, akaanza kuimba.

Si kwa sauti kubwa. Aliimba wimbo wa mto, beti zote tunazozijua. Karani wa chumba cha pili akaacha kupiga chapa. Akafika pale kanda inapoishia, na mimi nimeirekodi kanda ile mara nisizoweza kuhesabu, najua hapo ni kimya na deki inakata.

Hakukata. Akaendelea!

Kulikuwa na ubeti mwingine. Nilikuwa sijawahi kuusikia. Aliimba kwa kilugha chetu, kwa Kiswahili ni hivi:

Wimbo huu nimeachiwa na Tekla wa ng'ambo ya milima,
alikuja kucheza kwetu, akaondoka mikono mitupu.
Akasema imbeni, na mkienda kwa watu, waachieni na wao.

Afisa akauliza, taratibu, "Mama, maana yake nini?"

"Kioda ndivyo ilivyo. Kikundi kikija kucheza kwenu, kikiondoka kinawaachia wimbo. Na nyie mkialikwa mahali, mnauacha huko. Na unamtaja aliyekuachia." Akaangalia mikono yake. "Siku ile ya kurekodi ubeti huo niliuruka. Niliona mashine, nikaona jina langu tu linatosha. Mimi si mtunzi, mwanangu. Niliachiwa."

Mzee wa Stika akasimama. "Lakini amesaini! Amesaini kama mtunzi!"

"Amesaini kitu ambacho si chake," afisa akasema. "Mtu hawezi kukugawia shamba la jirani. Kwa wimbo huu, karatasi yako haina nguvu."

"Basi nitamfuata huyo Tekla anisainie yeye!"

Shangazi akamgeukia, na hapo maringo yote yakamrudia usoni.

"Nenda baba, kwao ni pazuri. Lakini Tekla naye atakuimbia alikoupata."

Afisa alijizuia akashindwa. Alicheka mpaka miwani ikaanguka mezani. Karani alicheka. Nawaambia hata Mzee wa Stika kona ya mdomo ilicheza.

Afisa akamalizia kwamba kanda zake aendelee kuuza, hakuna atakayemgusa, ila kumzuia mtu kuimba hawezi. Tukatoka.

Jumamosi ya jubilei, acheni tu! Uwanja umejaa, redio kaseti zimepangwa mbele kama watoto wa shule, kila mtu kidole kwenye kitufe chekundu. Akina mama wakaingia na sare zao. Wakauimba wimbo wa mto wote, na ubeti wa Tekla wakaurudia. Yule sista aliacha kiti chake cha heshima, shela na yote, akaingia kwenye mstari. Mama yake mzazi alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Walicheza wameshikana mikono.

Kibandani sikulala kwa kurekodi. Kila mteja anataka "yenye ubeti". Na Mzee wa Stika, msicheke, alimtuma mtu akanunue kwangu!

Sasa somo, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika "kwa hiyo unatetea wizi".

Sitetei. Mwanangu wa kwanza anafanya muziki, na mtu akiuza kazi yake bila kumlipa nitamfuata mwenyewe na kandambili mkononi. Ulichokitunga ni chako, kasajili, ulipwe. Lakini kuna vitu tumeachiwa. Nyimbo, hadithi, dawa za bibi, hata elimu. Mtu akija na stika inayong'aa kuvifunga, muulizeni kwanza yeye aliachiwa na nani.

Shangazi hakwenda Dar kurekodi. Picha yake haikukaa kwenye kasha lolote, na toleo lililofuata lilitoka bila jina la mtu. Yupo, ni mzee sasa, sauti inakwaruza.

Juzi kwenye simu nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Mwanangu, mimi niliitaka ile picha. Niliitaka sana. Niliomba maji kwa sababu jibu la ndiyo lilishafika mdomoni."

Miaka yote nilidhani kwake ilikuwa rahisi.

Basi karibuni, na matusi muache nje pamoja na viatu. Swali langu ni moja, na mjibu kwa ukweli: ungekuwa wewe umekaa kile kiti, afisa amekuuliza, Dar iko mbele yako, na Tekla yuko mbali hasikii, ungejibu nini?

Mimi naanza. Ningesema ni wangu.